Daftari la Pikapu ya Maziwa

Machi 2

Nimeligeuza daftari hili kichwa chini, naandika kuanzia nyuma. Mbele ni kumbukumbu za pikapu: tarehe, kilichoharibika, kilichotengenezwa, na nani alitengeneza. Baba aliiweka sheria hiyo siku alipofungua gereji. Kila gari lina daftari lake, na fundi hanawi mikono kabla hajaandika alichofanya. Baba hatunaye mwaka wa nne sasa, ila sheria yake ipo. Madaftari yote yanakaa kwenye droo yangu na ufunguo nimeuning'iniza shingoni, kwa hiyo huku nyuma hakuna atakayefika.

Nina sababu ya kuandika. Mdogo wangu ameoa, na mke aliyemwoa ameingia gerejini kwetu na kompyuta kwapani. Jina lake sitaliandika. Nitamwita Kompyuta.

Machi 3

Mvua. Kompyuta amezipanga spana zangu kwa ukubwa. Nimezivuruga.

Machi 6

Mbele ni gereji, nyuma ni nyumba. Ukikohoa jikoni, aliyelala chini ya gari anakusikia. Tuko wanne: Mama, mdogo wangu, mkewe, na mimi niliyefikisha miaka arobaini na sita bila kumwomba mtu ruhusa ya kushika spana. Ukutani Baba aliandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu, FUNDI MKUU, na chini yake jina langu. Mdogo wangu hana mkono wa ufundi, ana mkono wa usukani. Pikapu ni yake. Alfajiri anakusanya maziwa kwa wafugaji, na kabla ya saa nne asubuhi lazima awe ameyafikisha kiwandani.

Leo mezani Kompyuta aliweka kijiko chini, akanigeukia.

"Dada, ile pikapu ina nguvu nyingi, imefungiwa tu. Huko wanakotengeneza huwa wanaibana."

"Wameibana kwa sababu wana akili."

"Akili ya kuuza hiyo, dada. Injini ni ileile, wanaifunga kwenye gari mbili. Moja wanaipunguza, nyingine wanaiachia. Kinachotofautiana ni maandishi ndani ya kompyuta ya gari."

Mdogo wangu alikuwa akimtazama kama anasikiliza mpira redioni na timu yake inaongoza. Mama akasema chakula kinapoa. 

Machi 8

Anapiga mluzi akifanya kazi. Wimbo mmoja, mstari mmoja, kutwa nzima.

Machi 11

Daraja la bondeni limefungwa, maji yamepita juu yake. Magari yote sasa yanazungukia mlima wa shule.

Machi 14

Pikapu imefika kiwandani saa nne na nusu. Mlima wa shule ni kilomita tatu za kupanda bila mahali pa kupumua, na leo ulikuwa tope tupu. Mdogo wangu alibeba mitungi ishirini na minne. Alipanda kwa gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho. Wameyapima maziwa, yalikuwa yameanza kuchacha, wakayamwaga mferejini mbele ya macho yake.

Amerudi amenywea. Kompyuta alimpokea kofia, akampangusa tope usoni kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na kitambaa mkononi. Nimemlea yule tangu akiwa na miaka mitano, Mama akishinda sokoni, lakini leo kitambaa changu hakikuonekana.

Machi 15

Mvua. Nimefumua starta ya lori. Mluzi.

Machi 19

Mara ya pili maziwa yamemwagwa. Msimamizi wa kiwanda amesema ikitokea mara ya tatu watatafuta mbebaji mwingine. Masika gereji huwa imelala, watu hawatoki, magari hayaharibiki. Maziwa ndiyo yanayoweka chungu jikoni.

Tumekaa kikao cha familia juu ya matairi.

"Mume wangu, siku mbili tu zinatosha," Kompyuta alisema. "Naandika upya chipu ya injini, iongeze mafuta wakati wa kupanda. Halafu tunatoa sailensa na lile bomba jembamba la moshi, tunaweka pana. Injini ikipumua vizuri, ule mlima utaupanda kwa gia ya tatu."

"Dada, unasemaje?" mdogo wangu akaniuliza.

"Baba angekuwepo usingethubutu kuniuliza. Gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani. Gereji hii haijawahi kutia ujanja kwenye injini ya mtu."

"Baba hakuwahi kumwagiwa maziwa," akasema.

Hajawahi kunijibu hivyo. Kompyuta aliinamisha kichwa, lakini niliona kona ya mdomo wake.

Machi 20

Leo nitaandika kirefu, maana kuna jambo limetokea.

Saa nane mchana Kompyuta alikwenda mlima wa shule na pikapu tupu, akairudisha, akachomeka waya wake chini ya usukani na kusoma namba. Kisha akaja mezani kwangu.

"Dada, naomba daftari la pikapu. Kabla sijaandika chochote nahitaji kujua kila kilichowahi kuguswa."

Sikumpa. Nililitoa kwenye droo, nikalishika mwenyewe, nikamsomea ukurasa kwa ukurasa huku yeye amesimama. Filta, mikanda, klachi, nozeli, pampu ya mafuta iliyobadilishwa miaka saba iliyopita. Nilimaliza nikalifunga.

"Hakuna kingine? Waya wowote, sensa, kitu chochote ambacho hakimo humo?"

"Kilichomo humu ndicho kilichofanyika."

Akashukuru. Akaenda zake na mluzi wake.

Nimesema uongo. Sasa nitaandika ukweli hapa, upekuliwe na panya.

Miaka tisa iliyopita pikapu hii ilipungua nguvu, na Baba, kwa mara ya kwanza, alinikabidhi injini peke yangu. Mafundi wanaume wawili waliokuwepo wakati huo walicheka kimyakimya. Nilihangaika wiki mbili. Nilisafisha nozeli, nilibadilisha filta, nilifungua na kufunga hadi vidole vikavimba, gari likawa vilevile. Mwuza vifaa vya redio ndiye aliyenifundisha. Injini hizi zina sensa inayopima presha ya mafuta na kupeleka habari kwa waya hadi kwenye kompyuta ya gari. Ukiukata ule waya ukatia rezista, kidude kidogo kama punje ya mchele, habari inafika pungufu. Kompyuta ya gari inadhani presha ni ndogo, basi inaongeza. Injini inanyweshwa mafuta mengi kuliko inavyodhani imenywa.

Niliitia, nikaizungushia tepu nyeusi, nikaipaka vumbi ionekane ya zamani. Pikapu iliruka. Baba aliipeleka mlima wa shule, akarudi, akasimama mbele ya wateja na wale mafundi wawili, akasema, "Huyu mtoto mikono yake ina akili." Jioni yake alinunua rangi nyekundu.

Daftarini niliandika: nozeli zimesafishwa. Miaka miwili baadaye tuligundua kumbe tatizo lilikuwa pampu, tukaibadilisha, nami nikaandika. Rezista sikuweza kuitoa, Baba alikuwa amesimama pembeni yangu na taa mkononi. Ikabaki. Imebaki hadi leo.

Namba alizozisoma Kompyuta leo si za kweli. Atajenga hesabu zake juu ya uongo wangu, na mafuta yataongezwa juu ya yaliyokwisha kuongezwa. Ninalijua hilo kama ninavyojua njia ya chooni.

Nimekaa hapa mbele ya droo, nikisikia anavyocheka na mdogo wangu jikoni. Ningeweza kwenda sasa hivi. Angeniangalia, angetazama ule ukuta, asingesema neno, na ningekufa.

Machi 21

Amemwita mchomeleaji, jirani yetu mwenye tumbo na maneno. Wamekata sailensa, wamepachika bomba ambalo paka anaweza kulala ndani. "Fundi Mkuu," mchomeleaji akaniita kutoka chini ya gari, "wifi yako anatufungulia bendi hapa!" Nikamwambia achomee aondoke.

Machi 22

Chipu imeandikwa. Kompyuta aliandika kazi yake daftarini mimi nikiwa nimelishika kwa mikono miwili mezani. Mwandiko wake ni mzuri. Unanikera.

Machi 23

Mlima wa shule kwa gia ya tatu, mitungi ishirini na minne. Saa tatu na robo mdogo wangu alikuwa kiwandani. Aliporudi tulimsikia kabla hajakunja kona, ule mngurumo unatikisa vyombo kabatini. Alishuka akamnyanyua mkewe juu. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda kuangalia betri ya mteja ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Machi 24

Saa tatu na robo.

Machi 25

Saa tatu na robo. Mteja ameingia gerejini akapita mezani kwangu, akamwuliza Kompyuta kama anaweza kumfanyia na yeye.

Machi 27

Wateja watatu wa chipu wiki hii. Mmoja ameniuliza kama mimi ndiye ninayepika.

Aprili 1

Mvua haijakatika siku nne. Pikapu inatoa moshi mweusi mlimani, mzito. Nimeuona mwenyewe nikirudi dukani. Wapita njia walijifunika pua. Nilisimama kando ya barabara nikautazama mpaka ukaisha. Sitajidanganya humu ndani. Nilitaka uendelee. Nilitaka gari liaibike, litapike moshi mbele ya mji mzima, lirudi gerejini likiwa limezima, mdogo wangu aje mezani kwangu aseme dada, ulikuwa sahihi. Si zaidi ya hapo.

Aprili 4

Kompyuta ameacha kupiga mluzi. Jioni alinifuata ghalani.

"Dada, moshi umezidi. Hesabu zangu hazisemi hivi. Nimepunguza mafuta mara mbili na bado. Naomba unifikirie tena, hakuna kitu kwenye hili gari nisichokijua?"

Macho yake yalikuwa mekundu, hajalala. Kusema ukweli kulikuwa rahisi wakati ule kuliko wakati wowote.

"Ulisema unajua kuliko waliolitengeneza," nikamwambia. "Sasa unaniuliza mimi wa nini?"

 Akasema, "Sawa, dada." Akamwomba mumewe apumzishe gari hadi atakapoelewa. Mdogo wangu akamjibu kwamba maziwa hayapumziki.

Aprili 7

Mvua. Saa tatu na robo.

Aprili 9

Saa tatu kasoro dakika chache simu ya Kompyuta ililia. Nilimwona anasikiliza, akauliza, "Imezima wapi?" Nikajua ni pikapu. Nitaliandika hili kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuliandika: nilifurahi. Niliinama ndani ya boneti ya gari lililokuwa mbele yangu ili asinione uso.

Kisha akauliza, "Na yeye?" 

Aliondoka mbio bila viatu. Nilimfuata. Mchomeleaji alituchukua na gari lake.

Injini ilifia robo ya mwisho ya mlima. Injini ya pikapu ikizima, breki inakuwa ngumu kama kukanyaga ukuta, na kwenye tope hata breki nzima haisaidii. Ilirudi kinyumenyume na mzigo wake wote, mita mia hivi, ikalalia ubavu mferejini. Watu walikuwa wamemtoa kupitia kioo cha mbele. Maziwa yalikuwa yametapakaa barabarani, meupe juu ya tope jekundu, na mvua inayasukuma chini. Mdogo wangu alikuwa amelazwa juu ya mlango uliong'oka. Paja lake la kushoto lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi.

Kompyuta alipiga magoti akamshika kichwa. Mimi nilimshika mkono. Alikuwa akisaga meno. Alipoweza kusema, alimwambia mkewe, "Umefanya nini kwenye gari langu?"

Nilikuwa nimemshika mkono. Nilikuwa karibu naye kabisa. Sikufungua mdomo.

Aprili 10

Wamemfanyia upasuaji, wameweka chuma. Daktari anasema atatembea, labda kwa kuchechemea.

Pikapu imevutwa hadi gerejini. Jioni, Mama na Kompyuta wakiwa hospitalini, nilifungua boneti iliyopinda, nikaingiza mkono mpaka kwenye ule waya. Niliujua kwa vidole, sikuhitaji taa. Nimeikata rezista, nimeunganisha waya, nimezungusha tepu. Ipo mfukoni mwangu. Ni nyepesi hata sihisi kama ipo, lakini nimeupapasa mfuko mara ishirini.

Aprili 12

Hospitalini. Mdogo wangu hakumtazama mkewe.

"Dada alikukataza," alisema. "Mbele yetu sote. Alisema gari libaki lilivyo."

"Hesabu zangu hazikuwa na kosa," Kompyuta akajibu, polepole.

"Hesabu zako zimenivunja mguu! Usiliguse tena gari langu. Na nikitoka hapa, nitafikiria kama nakutaka ndani ya ile nyumba."

Mama alikuwa akilia. Mimi nilimwekea mdogo wangu mto vizuri. Akanishika mkono akasema, "Laiti ningekusikiliza, dada." Nimelisubiri neno hilo tangu Machi. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya chumba cha kufulia, mkono umeishika rezista mfukoni.

Aprili 15

Kompyuta hakutii. Tangu asubuhi anafungua injini ya pikapu peke yake. Nilikaa mezani kwangu nikimngojea akosee. Wasomi wa kompyuta hawajui bolti. Lakini silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, aliifungua kwa mpango, kidogokidogo, akianzia bolti za pembeni kuingia katikati, hakuna aliyemwambia. Ndivyo Baba alivyotufundisha. Alizipanga bolti kwenye kipande cha boksi alichotoboa, kila moja kwenye tundu lake.

Pistoni ya tatu imeyeyuka. Tundu lake linapitisha kidole gumba.

Aliichomoa akaipakata mapajani. Kisha akaanza kukagua waya mmoja mmoja, kutoka mwanzo.  Alifika kwenye ule waya wangu.

"Dada. Gari zima lina tope. Hii tepu ni safi."

"Niliifunga mimi. Waya ulichubuka gari lilipopinduka."

Akanitazama. Sikukwepesha macho, nina miaka tisa ya mazoezi.

"Nashukuru," akasema, akaendelea na waya uliofuata.

Aprili 16

Hakuna aliyekula.

Aprili 17

Mama ndiye aliyesema. "Mwanangu, toa daftari. Baba yenu hakutaka kazi ibaki bila kuandikwa, nzuri au mbaya. Mkwe wangu aandike."

Nilitoa daftari, nikalifungua kwenye ukurasa wake, nikalishika kwa mikono miwili kama kawaida.

"Hata leo hunipi mkononi?" Kompyuta akauliza.

 Nilisimama nyuma yake nikaliegemeza mezani. Aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri: *Aprili 9. Injini imekufa mlimani, pistoni ya tatu imeyeyuka kwa mafuta kuzidi. Nimetafuta chanzo sijakipata. Chipu niliandika mimi. Kosa ni langu.* Akatia sahihi. Hakulia. Aliifunika kalamu kwa kifuniko chake, akaniwekea mezani, akaenda kufunga nguo zake. Amemwomba mchomeleaji ampeleke kwa wazazi wake wiki hii.

Nilibaki na daftari. Nimeusoma mstari ule hadi mwanga ulipoisha. Mimi, ambaye ninalinda madaftari haya kwa ufunguo, ndiye niliyeandikisha uongo wa pili humu, tena kwa mkono wa mtu asiyejua kusema uongo.

Aprili 18

Mvua. Amepita mbele yangu mara sita leo. Kila mara amenisalimu.

Aprili 20

Nilikwenda hospitalini peke yangu. Nilikuwa nimejipanga maneno njiani, yote yakapotea mlangoni. Nikaitoa rezista mfukoni nikamwekea juu ya shuka, kifuani.

"Hiki ndicho kilichokuvunja mguu," nikamwambia. "Nilikiweka mimi, miaka tisa iliyopita. Mkeo aliniuliza mara mbili, nikakana. Baada ya ajali nikakitoa nikakificha."

Alikiokota, akakigeuza. Hakujua ni nini, nikamweleza. Nilieleza yote, pamoja na habari za Baba na rangi nyekundu. Alisikiliza akitazama dari.

"Baba alikuandika ukutani kwa sababu ya hiki?"

"Ndiyo."

"Nami nilidhani ni mikono yako." Alinirudishia. "Ulijua kwamba litazima?"

"Nilijua litatoa moshi. Nilitaka limwaibishe mkeo."

"Mimi nilikuwa ndani, dada."

Nikasema najua. Nikataka kumshika mkono, akauingiza chini ya shuka.

"Niletee mke wangu," akasema. "Halafu usije tena mpaka nikuite."

Aprili 21

Kompyuta alikwenda hospitalini asubuhi akarudi mchana. Nilimngojea gerejini nimesimama, nikiwa tayari kwa matusi, nilikuwa nayahitaji. Mama alikuwa amejifungia chumbani tangu nilipomwambia. Kompyuta aliingia akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Rezista ya kiasi gani?"

Nilimtajia. Alivuta kipande cha boksi, akaandika namba, akajumlisha, akagawanya. Alihakikisha mara mbili. Kisha akaitupa kalamu.

"Hesabu zangu zilikuwa sawa," akasema. Akakaa juu ya tairi, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekibana siku kumi na mbili.  Nilimpelekea kitambaa. Hakukichukua.

Alipomaliza alisimama, akanyoosha mkono.

"Nipe daftari. Mkononi."

"Kesho asubuhi," nikamwambia. "Kuna mstari sijaandika."

"Kesho asubuhi, wifi. Si zaidi."

Ameacha kuniita dada.

Aprili 22

Wifi,

Nilitaka kuzing'oa kurasa hizi kabla ya kukupa. Daftari limeshonwa kwa uzi katikati. Nilipovuta karatasi ya kwanza ya huku nyuma, karatasi ya kwanza ya mbele ikalegea nayo, ile Baba aliyoandika siku pikapu ilipofika. Nikaacha. Kwa hiyo utayasoma yote, na jina nililokupa, na ule moshi nilioutazama kando ya barabara. Mengine niliyaandika kwa raha na sitajifanya nilikuwa naumwa.

Bado sikupendi. Mluzi wako unanitoboa masikio, na mdogo wangu, hata akinitazama, anakuona wewe kwanza. Labda itaisha, sijui. Lakini hakuna fundi aliyewahi kuingia hapa akafungua hedi kama ulivyoifungua, na hilo nililiona nikiwa nakutakia mabaya, kwa hiyo liamini.

Geuza daftari. Chini ya mstari wako wa Aprili 17 nimeandika wangu, na rezista nimeibandika pembeni kwa tepu ili asije mtu akasema ni hadithi: *Kidude hiki kilitiwa miaka tisa iliyopita na mimi, hakikuandikwa. Niliulizwa Machi 20 na Aprili 4, nikakana. Nilikitoa Aprili 10 kwa siri. Kosa lililoandikwa hapo juu si la aliyeliandika, ni langu.* Nimetia sahihi, bila cheo.

Mchomeleaji nimemwambia asije. Akija, ni kwa sababu umemwita wewe.

Mvua imekatika tangu alfajiri na pikapu bado iko wazi. Spana zimo sandukuni, nimezipanga kwa ukubwa. Chini ya mstari wangu nimeacha nafasi kwa ajili ya injini, uandike utakachokuta na utakachofanya. Kalamu imo ndani ya ukurasa. Sitasimama nyuma yako.